Pete ya Sauron: ina akili yake au inasingiziwa?

Sisi tuliokulia hadithi za Alfu Lela Ulela, tukikutana na pete ya uchawi swali ni moja: ndani mna jini gani? Pete ya Aladini ukiisugua jini anatoka, anangoja amri. Wengi huisoma hivyo Pete ya riwaya The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien (1954–1955), na hapo ndipo wanapoteleza.

Dhana: ndani ya Pete amejificha kiumbe.
Hamna mtu mle. Sauron, bwana wa giza katika riwaya hiyo, alipoifua alimimina humo sehemu kubwa ya nguvu zake mwenyewe, ndiyo maana inavutia kwake. Wala haisemi; ile minong'ono ni ya filamu za 2001 hadi 2003. Tolkien akitaka chuma kiongee, kinaongea: katika The Silmarillion, kitabu chake kingine, upanga Gurthang unamjibu shujaa Túrin kwa maneno kabla hajajiua nao.

Dhana: mchawi Gandalf alishathibitisha kwamba Pete huamua.
Ni kweli anamwambia Frodo, aliyerithi Pete kwa Bilbo, kwamba Gollum, kiumbe aliyekuwa nayo kabla ya Bilbo, hakuipoteza Pete, Pete ndiyo iliyomwacha. Ila papo hapo anaongeza kwamba Bilbo alikusudiwa kuipata, na kusudi hilo halikuwa la aliyeitengeneza. Mashabiki wamekariri nusu ya kwanza tu. Isitoshe, katika chapa ya kwanza ya The Hobbit (1937), kitabu kilichotangulia, Gollum alikuwa tayari kumpa Bilbo Pete kama zawadi akimshinda kwa vitendawili! Sura hiyo iliandikwa upya kwa chapa ya 1951. Hila zote hizo, basi, Pete ilivishwa baadaye.

Na kama ina akili, mbona haina mipango? Ilimponyoka mfalme Isildur, aliyeitwaa kwa Sauron, katika mto Anduin, na mishale ya orki, askari wa uovu, ikamuua. Haya, tuseme ilimsaliti. Kisha ikalala mtoni zaidi ya miaka 2,400.

Dhana: hakuna anayeweza kuiachia.
Bilbo aliiacha, kwa kusukumwa na Gandalf. Sam, mtumishi wa Frodo, aliibeba kwa muda kisha akamrudishia Frodo.

Mimi hurudi kila mara kwenye ile baa ya kijiji cha Bree. Frodo anaimba juu ya meza huku mkono umo mfukoni unaichezea Pete. Anaruka, anateleza, anaanguka, na watu hawamwoni tena, maana anayeivaa Pete haonekani. Yeye mwenyewe anadhani iliingia kidoleni alipotupa mkono ili asianguke. Halafu, kwa kitambo kidogo, anajiuliza kama Pete haikumchezea. Tolkien hamjibu.