Mali za ndoa za mastaa sio "fifti fifti", tuelewane

Kila staa wa Bongo Fleva akiachana na mkewe, kabla hata hawajafika kwenye baraza la usuluhishi, sisi tushagawa mali. Kijiweni Sinza, kwenye daladala la Mbagala, saluni Kinondoni, hukumu ni ileile: "Hapo mke anaondoka na nusu." Nusu ya nyumba, nusu ya magari, nusu ya chaneli ya YouTube, na juzi kuna mmoja kaenda mbali zaidi, anasema nusu ya nyimbo, yani jamaa akiwa na nyimbo arobaini basi ishirini zinahamia kwa mama watoto. Nikasema hapana, hii tuiongelee.

Maana yenyewe fupi tu. Mgawanyo wa mali ni pale mahakama, ikitoa talaka au amri ya kutengana, inapochukua mali ambazo wawili hao walizichuma wakati wa ndoa kwa juhudi zao za pamoja, ikaamua nani apate kipi na kwa kiasi gani. Iko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114. Basi, hakuna kingine cha ajabu. Shida ni kwamba watu wanaruka "wakati wa ndoa", wanaruka "juhudi za pamoja", wanakimbilia kwenye hesabu ya kugawa kwa mbili.

Na hiyo mbili imetoka wapi? Mi nadhani tumeibeba kutoka kwenye muvi na umbea wa mastaa wa Marekani, hasa wa California, ambako kweli kinachopatikana ndani ya ndoa kinahesabika cha wote wawili na kinagawanywa sawa. Huko mwaka 1987 mahakama ya rufaa ilisema mpaka hakimiliki ya vitabu alivyoandika mume akiwa kwenye ndoa ni mali ya wote. Sasa mtu anasikia hiyo anaishusha Temeke kama ilivyo. Kwetu kufunga ndoa peke yake hakuhamishi umiliki wa kitu. Kama hamjakubaliana vingine, chako kinabaki chako. Kitu kikinunuliwa ndani ya ndoa kwa jina la mmoja, sheria inaanza kwa kudhani ni cha huyo peke yake mpaka mwenzie aoneshe vingine, na kikiwa na majina yote mawili inaanza kwa kudhani wana haki sawa. Inaanza kwa kudhani, haimalizi hapo, ndo maana watu wanapelekana mahakamani miaka.

Najua hapa wanasheria wa kijiweni watanishika shati: mbona kifungu cha 114 kinasema mahakama ielekee kwenye usawa? Kinasema, sikatai. Ila soma sentensi yote bana. Kabla ya huo usawa mahakama inatakiwa iangalie mila za jamii ya wahusika, iangalie mchango wa kila mmoja kwa pesa, kwa mali au kwa kazi, iangalie madeni waliyoyaingia kwa faida yao wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Vyote hivyo vikishapimwa ndo unakuja usawa. Mtu anachukua neno la mwisho analifanya la kwanza, afu anabishana kwa sauti kubwa.

Sasa hapo kwenye "mchango kwa kazi" ndo kuna historia ambayo kila anayebishana angetakiwa aijue. Miaka ya mwanzo mahakama zetu hazikuwa na msimamo mmoja, jaji huyu anasema kupika na kulea sio mchango, ni wajibu wa mke tu, jaji yule anasema ni mchango. Ikafika Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, mahakama ikamaliza ubishi: kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali, zinahesabika. Wengi wanaishia hapo wanapiga makofi. Wachache wanajua kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu kwenye ile rufaa. Mahakama iliona mumewe alishampa pesa za kuanzisha mradi wa familia akazitapanya, kwa hiyo mchango wake ulikuwepo ila alishauharibu mwenyewe. Kesi moja, mambo mawili kwa pamoja: kazi ya nyumbani inahesabika, na inahesabika kwa kupimwa, sio kwa kukata nusu. Mi kila nikisikia mtu anaitaja Bi Hawa kama ushahidi wa fifti fifti nacheka peke yangu.

Njoo kwa msanii sasa. Kazi ya muziki hapa Dar inavyoendeshwa, mchango wa mwenza mara nyingi hauna risiti. Mke ndo anapokea simu za mapromota, anaandika kwenye kaunta buku tarehe ya shoo ya Kahama, nani katoa advansi, nani kabakiza nusu, pesa inaingia kwenye laini yake kwa sababu laini ya mume ina madeni ya kukopea vocha, usiku anakaa mlangoni ukumbini kuhesabu tiketi na mtoto mgongoni. Kwenye bango jina liko moja, na kadi ya gari ina jina moja pia. Mambo yakiharibika, lile kaunta buku na zile meseji za miamala ndo mchango wenyewe, kwa sababu Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba anayedai ndo anatakiwa athibitishe alichangia kwa kiasi gani, hupewi kwa kuonewa huruma. Na kibao kikigeuka, staa akiwa mwanamke na mume ndo meneja, hesabu ni ileile. Watu wakisikia mume anadai wanamwita marioo, lakini sheria haijasema mchango una jinsia.

Kitu kingine kinachochanganywa ni mali na umaarufu. Kuna majimbo ya Marekani yaliwahi kwenda mbali mpaka kuuhesabu ustaa wenyewe kuwa mali. New York mwaka 1991 ilikuwa kesi ya mwimbaji wa opera Frederica von Stade, ambaye mwaka wa kwanza wa ndoa yao, 1973, aliingiza dola 2,250, ikafika 1989 anaingiza dola 621,878. Mumewe alikuwa mwalimu wake wa sauti, alikuwa anampiga picha za kazi, anasafiri naye na kulea watoto, mahakama ikasema kupanda thamani kwa hiyo kazi ni mali ya ndoa kwa kiwango alichochangia mume. Jimbo hilohilo baadae likabadilisha sheria, kuanzia 2016 umaarufu haugawanywi tena kama mali, ila mchango wa mwenza katika kuukuza unaangaliwa wakati wa kugawa vitu vingine. Yani hata wao wakaona jina la mtu huwezi kulikata vipande. Kwetu kifungu kinaongelea mali zilizochumwa, kwa hiyo shoo atakazopiga mwakani baada ya talaka hazipo mezani. Zikiguswa zitaguswa kwenye matunzo, ya watoto au ya mwenza, na matunzo ni kitu kingine kabisa, msiyachanganye.

Halafu nyimbo. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mtunzi ana haki za aina mbili. Ya kutajwa kuwa yeye ndo mtunzi, na ya kuzuia kazi yake isipotoshwe, hizo ni zake, hazihami akiwa hai. Za kiuchumi, yani kuuza, kukodisha, kupokea mirabaha, hizo zina thamani na zinaweza kuhamishwa, na zinadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiyo swali la "nani anachukua wimbo" limekaa vibaya toka mwanzo, swali la maana ni mirabaha ya wimbo uliotengenezwa ndani ya ndoa inahesabikaje, na mi naona ukishathibitisha juhudi za pamoja huna sababu ya kuitenga na kiwanja cha Goba. Lakini kwanza uliza kama masta, yani rekodi yenyewe ya wimbo, ni ya msanii. Mara nyingi ni ya lebo, gari ni la lebo, na ile nyumba ya kwenye video ilikodiwa siku moja. Kinachobaki cha kugawana saa ingine ni deni la advansi, na deni nalo mahakama inaliangalia.

Na wale wanaosema "hawajafunga ndoa hao, hana chake": wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinaanza kwa kudhani ni wanandoa, na mahakama inaweza kutoa amri ya mali na matunzo vilevile kama ya talaka.

Kwa hiyo jamani, staa mwingine akiachana wiki ijayo, maana ataachana tu, usiseme mke anachukua nusu, na usiseme alikuwa mama wa nyumbani tu hana lolote. Sema anadai sehemu yake, utakuwa umepatia, na ukiulizwa sehemu gani jibu kwamba itategemea kilichopo na alichoonesha.