Mwingiliano si kubonyeza tu

Nimelisikia tena wiki hii neno "mwingiliano". Skrini kubwa ukutani, unaigusa, samaki wa rangi wanatawanyika, na mtangazaji anaiita "sanaa ya mwingiliano". Nimeshindwa kunyamaza.

Kwa ufupi, sanaa ya mwingiliano ni kazi isiyokamilika bila mtazamaji: anachokifanya kinaibadilisha, nayo ikishabadilika inamfanya naye atende vingine. Mara nyingi ndani yake mna mashine, yaani vihisio (vifaa vya kunasa sauti, mwendo au mguso), mota au kompyuta, na wapo wasanii wanaozitumia kuchunguza tunavyohisi na tunavyojifunza.

Uzito wote wa neno uko kwenye mnyambuliko. Ingia, ingilia, ingiliana. Hiyo -ana ya mwisho haikuwekwa pale kama pambo. Ukisema umemwona mtu, huenda yeye hakujua hata kama upo. Ukisema mmeonana, basi naye amekuona. Mtu akipigwa kofi akanyamaza, hatusemi wamepigana. Ndivyo ilivyo hapa. Picha iliyotundikwa naiona. Kazi ya mwingiliano, tunaonana.

Gordon Pask, mtafiti wa mashine zinazojifunza, alilielewa hili Uingereza mwaka 1953 alipotengeneza Musicolour, mashine iliyomsikiliza mwanamuziki na kuwasha taa za rangi kufuatana na anavyopiga. Akirudiarudia mtindo uleule, mashine ilipunguza kuitikia, kana kwamba imechoka naye, na hairudi mpaka abadilishe upigaji. Mashine inamzoea mpigaji, mpigaji anajifunza mashine. Hapo -ana imetimia.

Au chukua Senster ya msanii Edward Ihnatowicz, iliyowekwa Eindhoven, Uholanzi, mwaka 1970: kiunzi kikubwa cha chuma chenye shingo ndefu, na maikrofoni kichwani. Ongea kwa sauti ya chini, kichwa kinakuinamia. Piga kelele, kinajitenga. Ukitaka kirudi, ni wewe unayeshusha sauti, polepole, kama unayembembeleza mnyama aliyeshtuka.

Hapa napo watu hukosea, wakisema mashine ile "ilikuwa na hisia". Haikuwa nazo. Ilikuwa na maikrofoni, rada, mitambo ya kusukumwa kwa shinikizo la mafuta na kompyuta ya kuviendesha. Hisia zilikuwa za yule aliyesimama chini yake, na jambo la kuchunguzwa lilikuwa hilohilo: kwa nini tunakionea huruma chuma kinachorudi nyuma?

Samaki wa kwenye skrini wanapendeza, na sina ugomvi na aliyewachora. Lakini wanatawanyika vilevile kwa mguso wa kwanza na wa mia, na aliyewagusa anaondoka akiwa yuleyule. Hiyo ni sanaa ya kuitikia mguso, na si aibu kuiita hivyo. Siku watakapomkwepa anayegonga kwa nguvu na kumsogelea anayegusa taratibu, mpaka naye mgongaji alegeze mkono, tutaiita mwingiliano.