Kabla ya kununua mashine nyingine, tazama picha inavyojikwaa

Juzi niliitwa Tabata na mama mmoja mstaafu. Chini ya TV yake kuna kompyuta ndogo ya mtumba, zile zilizotoka maofisini zikaishia Kariakoo, na nyuma yake kimechomekwa kidude cha USB kinachopokea matangazo ya antena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii mashine imechoka. Wewe niambie tu niandae shilingi ngapi ninunue nyingine."

Nilimwomba kwanza atuwekee taarifa ya habari. Nikipewa kompyuta ya sebuleni inayokwamisha picha, huwa natazama yale maandishi yanayopita chini ya kioo. Yanakwenda kwa mwendo mmoja, jicho linayafuata bila kazi, kwa hiyo kila mshtuko unaonekana hata kama ni mdogo. Ya mama yule yalikuwa yanachechemea: yanateleza, yanajikwaa, yanateleza, yanajikwaa, kwa mpangilio uleule bila kukosea. Nikafungua kipimo cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Ilikuwa inatumia chini ya robo ya nguvu zake. Mashine iliyochoka haikwami kwa mpangilio namna hiyo. Iliyoelemewa hukwama ovyo, na hukwama zaidi pale kwenye purukushani, kama wachezaji wote wakikimbilia golini.

Hapo tatizo ni hesabu, na hesabu yenyewe ina historia. Umeme wetu ni wa hetzi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na televisheni tuliyoichukua ilijengwa juu ya namba hiyo: Zanzibar ilipoanza kurusha picha za rangi mwaka 1973, zilikuwa picha 25 kwa sekunde, kila moja imegawanywa nusu mbili, jumla nusu 50. Analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, tukahamia kwenye ving'amuzi, lakini ile 50 ilibaki. Kompyuta nayo, isipoambiwa kitu, hukiburudisha kioo mara 60 kwa sekunde.

Sasa gawanya 60 kwa 25. Unapata 2.4, na kioo hakiwezi kuonyesha picha mara mbili na vipande vinne vya kumi. Kwa hiyo picha moja inakaa mizunguko miwili, nyingine miwili, nyingine mitatu, kisha miwili, kisha mitatu. Hicho ndicho kile kuchechemea. Ukikiweka kioo kwenye hetzi 50, kila picha inakaa mizunguko miwili kamili na mwendo unanyooka. Hakuna prosesa ya bei yoyote itakayokuondolea tatizo hili kama namba zimeachwa hivyo.

Kwa mama nilifungua mipangilio ya kioo kwenye Windows, nikaitafuta 50, sikuiona. Kompyuta ilikuwa imeunganishwa na TV kwa waya wa VGA, ule wa zamani wa picha, na kwa njia hiyo TV nyingi hujitambulisha kwa 60 peke yake. Tukaweka waya wa HDMI, 50 ikajitokeza. Kama unatumia Kodi, ile programu ya kuchezesha video, usibadilishe kwa mkono kila mara: kwenye mipangilio ya kichezeshi kuna kipengele cha kurekebisha kasi ya kioo kulingana na video. Kiwashe, kwa sababu filamu nyingi ni za picha 24 kwa sekunde, na ukiziacha kwenye 50 utahamisha ugonjwa kutoka kwenye habari kwenda kwenye filamu. Tena nyingi kwa uhakika ni 23.976. Ukizichezesha kwenye hetzi 24 kamili, picha itajikwaa mara moja tu kila baada ya sekunde 42 hivi. Watu wengi hawaioni. Mimi naiona, na inaniudhi.

Jambo la pili lilikuwa zile nusu picha. Mpira ulipopita kwa kasi, kingo zake zilikuwa na meno kama chanuo. Kichezeshi kinatakiwa kuzitenganisha nusu hizo, na kitoe miendo 50 kwa sekunde badala ya kuziunganisha ziwe 25. Ukikosea hapo, picha itakuwa safi lakini mpira utaruka.

Tulipomaliza maandishi yalipita kama maji. Mama akafurahi, mimi nikabaki nimekaa, maana kuna ugonjwa unaojitokeza baadaye. Baada ya dakika kama 40 picha ikaanza kukatika ovyo. Nikagusa mgongo wa mashine: moto. Juu yake palikuwa na kitambaa cha kufuma, kizuri kweli, kimeziba matundu ya hewa, na ndani feni imejaa vumbi. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo ili isiungue, na kwa joto letu la Februari haichukui muda kufika huko. Nilipuliza vumbi, nikapaka upya ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma chake.

Kesi ambayo kweli inahitaji fedha ni ya H.265, njia mpya ya kubana video iliyofuata H.264. Prosesa za Intel Core za kizazi cha nne, ambazo bado zimejaa madukani, zinaifungua H.264 kwa sehemu yake maalumu bila jasho, lakini kwa H.265 hazina sehemu hiyo, kwa hiyo prosesa inabeba mzigo wote yenyewe. Tazama namba: i5-4xxx ni kizazi cha nne. Ukinunua, anzia 7xxx, kwa kuwa 6xxx inaishia kwenye rangi za biti 8 na filamu nyingi za 4K ni za biti 10. Au ongeza kadi ndogo ya picha kama GT 1030. Diski ya nje, ambayo wengi huilaumu, ni nadra kuwa chanzo.

Kitambaa mama alikikunja, akakitandika juu ya meza ya chakula. "Kumbe kilikuwa kinainyima pumzi," akasema, akaongeza sauti ya taarifa ya habari.