Feni zinazunguka, kompyuta inachemsha: ishike rejeta kwanza

Anayeniletea kompyuta inayopozwa kwa maji huanza na utetezi: "Lakini feni zote zinazunguka!" Namwamini. Ila feni kuzunguka ni jambo moja, hewa kupenya kwenye rejeta (kile chuma chenye mapezi kinachopoza maji yaliyobeba joto la prosesa) ni jambo jingine, na kabla ya yote hayo sijui bado kama joto lenyewe limefika huko kwenye rejeta.

Kwa hiyo bisibisi naiacha mezani. Naiwasha mashine, naibebesha kazi nzito kama robo saa, kisha naishika rejeta na mipira yake ya kupitisha maji kwa mkono mtupu. Prosesa inasoma digrii 95 na rejeta ni baridi? Feni hazina kosa hapo, hata ukizifunga sita zitakuwa zinapuliza chuma baridi tu. Ama pampu imesimama, ama imemeza hewa, ama bloku, kile kipande kinachoilalia prosesa, haijabana sawasawa. Linganisha mipira miwili: maji yakitembea vizuri, joto lake hukaribiana hata mkono usisikie tofauti. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, maji hayatembei. Ukisikia sauti ya maji yanayogugumia, angalia pampu ilipokaa. Isiwe mahali pa juu kuliko yote kwenye mzunguko, maana hewa hupanda na kukusanyika juu.

Rejeta ikiwa ya moto, sasa tuzungumze hewa.

Mshukiwa wa kwanza ni vumbi, na watu wengi hulitafuta mahali pasipo. Humulika tochi upande ulio wazi, wakaona mapezi yanang'aa, wakaridhika. Kama feni zinasukuma hewa kuingia kwenye rejeta, vumbi hukwama katikati, nyuma ya feni, mahali usipoweza kupaona bila kuzifungua. Nimewahi kufungua moja nikakuta utando wa kijivu umeshikamana kama kipande cha blanketi; niliubandua kwa vidole ukatoka mzima. Yanayobaki yapulize kutoka upande wa pili, ili vumbi lirudi lilikotoka badala ya kuzama zaidi. Na ukipuliza feni yenyewe, zuia mapanga yake kwa kidole. Zile mbio za kupulizwa huumiza beringi, na mota inayozungushwa kwa nguvu huzalisha umeme ambao, waya ukiwa bado umechomekwa, hurudi kwenye ubao mama, ule ubao mkuu wa kompyuta.

Mshukiwa wa pili ananihusu mwenyewe. Nilisafisha kompyuta yangu, nikarudisha feni 3, na tangu siku hiyo maji yakawa yanapata moto kuliko kabla sijasafisha! Nilikagua pampu, nikabadilisha pasta ya prosesa, ile inayopakwa kati yake na bloku ili joto lipite, kazi bure. Mwishowe nikachukua karatasi ya tishu nikaipitisha mbele ya rejeta: kwenye feni mbili ilinaswa, kwenye ya tatu ikapeperushwa. Moja nilikuwa nimeifunga kinyume, inarudisha ndani hewa ya moto ambayo zenzake zilikuwa zimeshaitoa. Kwa feni za kawaida, hewa hutokea upande wenye ile mikono inayoshikilia mota. Nililijua hilo miaka mingi, na bado.

Halafu usidanganywe na namba za kwenye skrini. Feni 3 zikigawana soketi moja kwa waya wa matawi, kwa kawaida ni tawi moja tu linalopeleka taarifa ya kasi. Programu itakuonyesha mizunguko 1,200 kwa dakika huku jirani yake imekufa kitambo. Chungulia kwa macho. Na feni ya pini 3 haina ile pini ya nne ya kudhibiti kasi. Ukiichomeka kwenye soketi inayotegemea pini hiyo, itakimbia kasi ya mwisho mchana na usiku. Hiyo si mbovu: badilisha mpangilio wa soketi ili kasi idhibitiwe kwa volti.

Kelele za kupanda na kushuka kila unapofungua ukurasa nazo huwa hazitokani na ubovu. Prosesa hupanda digrii 20 kufumba na kufumbua na feni zikaifuata, ilhali maji huchukua dakika kadhaa kupata moto. Kama kuna kihisi cha joto la maji, feni zifuate hicho. Nyumba yangu ilitulia siku niliyofanya hivyo.

Wakati wa kurudisha, tazama skrubu. Feni yenye unene wa milimita 25 kwa kawaida hufungwa kwa skrubu ya milimita 30. Ndefu zaidi ya hapo inaweza kutoboa njia ya maji iliyo chini ya tundu. Zungusha taratibu, na ukihisi imegota kabla kichwa hakijakaa, ichomoe uipime.