Taja Kasoro Kwanza: Kuandika Maelezo ya Bidhaa Kwenye Mnada wa Mtandaoni

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Waliosema hivyo walikuwa sokoni, ambako mnunuzi wa chungu hukiinua, akakigonga kwa kidole na kusikiliza mlio wake kama kina ufa. Mtandaoni hakuna wa kugonga. Chema kikipigwa picha gizani na kuandikiwa maneno matatu kitakaa pale mpaka mnada ufungwe, na hakuna atakayejua kilikuwa chema. Maelezo yako ndiyo kidole cha mnunuzi.

Sasa tazama tunavyoandika: "Simu kali, iko poa, haina shida, bei maelewano." Mnunuzi amepata nini hapo? Hajui ukubwa wa hifadhi, hajui betri inakaa saa ngapi, hajui kama kioo kiliwahi kubadilishwa. (Na hayo maelewano yanatoka wapi, wakati kwenye mnada bei inapandishwa na dau?) Asiyejua kasoro iko wapi hujikinga kwa kutoa dau dogo. Anahofia kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na hofu hiyo anaikata kwenye bei yako.

Mwaka 1995 Pierre Omidyar alifungua tovuti ya minada aliyoiita AuctionWeb, ambayo baadaye ikawa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa humo kilikuwa kalamu ya leza iliyoharibika, ikaondoka kwa dola 14.83. Omidyar alishangaa hata akamwuliza mnunuzi kama ameelewa kwamba ni mbovu. Akajibiwa kwamba yeye hukusanya kalamu za leza mbovu. Si kila kibovu kina mpenzi wake, lakini ubovu ule ungefichwa, mnunuzi huyu asingekiona kitu alichokuwa anakitafuta, na aliyetaka kalamu nzima angerudi kudai pesa yake.

Waliowahi kuagiza gari Japani wanaijua karatasi ya mnada. Ina mchoro wa gari, na juu yake mkaguzi ameandika herufi: A ni mkwaruzo, U ni mahali palipobonyea, W ni mahali paliponyooshwa na kupakwa rangi upya. Tarakimu inayofuata hueleza ukubwa, kwa hiyo A1 ni mkwaruzo mdogo na A3 ni mkubwa. Gari lililotengenezwa baada ya ajali huwekewa R au RA badala ya alama ya kawaida ya ubora wa gari zima. Mtu aliye Dar es Salaam au Mombasa anatoa mamilioni kwa gari ambalo hajawahi kuliwasha, kwa sababu karatasi imemwambia kasoro ni ya aina gani, iko wapi na ina ukubwa gani. Hayo matatu yanatosha kuelezea kasoro ya kitu chochote, hata sufuria.

Tuchukue cherehani kuukuu ya Singer. Kichwa cha tangazo kwenye eBay hakizidi herufi 80, pamoja na nafasi, kwa hiyo usizimalize kwa "SAFI SANA!!!", maneno ambayo hakuna anayeyaandika anapotafuta cherehani. Andika: "Cherehani Singer 15K, ya miguu, inashona, meza ina ufa." Hiyo K si pambo. Inasimama badala ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, Uskoti, hadi kilipofungwa mwaka 1980, na wakusanyaji wa mashine hizi hutafuta kwa alama hizohizo. Namba iliyogongwa kwenye chuma cha mashine nayo iandike yote, kwani inaweza kumwonyesha mjuzi mwaka ilipotengenezwa.

Kisha maelezo yenyewe, kwa mfano hivi: "Nimeijaribu wiki hii kwenye jinzi tabaka mbili, haikuruka mshono. Mkanda wa ngozi umechakaa, utahitaji mpya. Meza ina ufa wa sentimita 12 upande wa kulia, haujafika chini. Maua ya dhahabu yamefutika pale mkono wa fundi unapopita. Niliinunua mwaka 2015 ikiwa imeshatumika. Matengenezo ya kabla ya hapo siyajui." Sentensi ya mwisho ndiyo wauzaji wengi wanaogopa kuiandika, nami naipenda kuliko zote. Anayekiri asichokijua huaminiwa kwa anachodai kukijua.

Kila kasoro iwe na picha yake, na sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Taja uzito pia: kichwa cha mashine ya namna hii ni chuma tupu, kinazidi kilo 10, na nauli inaweza kuupita mnada wenyewe.

"Orijino" andika ukiwa na ushahidi tu, risiti au namba ya kiwandani. "Kama mpya" iache kabisa, maana kila mtu ana upya wake. Wapo pia wanaoamini kwamba wakiandika "inauzwa jinsi ilivyo" wamejivua lawama. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania, zote zikiwa na asili ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, zinataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Kwenye eBay, mnunuzi ana siku 30 baada ya kupokea mzigo kulalamika kwamba haufanani na ulivyoelezwa, hata kama muuzaji ameandika kwamba harudishiwi kitu. Kama una bei ya chini ambayo huuzi chini yake, sema tangu mwanzo kwamba ipo.

Watu wataanza kuuliza. Anayeuliza kama meza inakunjika hayuko peke yake. Wengine wamejiuliza hivyohivyo wakapita kimya. Mjibu, halafu jibu hilo liongeze chini ya maelezo pamoja na tarehe, bila kufuta yaliyotangulia, kwa sababu kuna walioshaweka dau kwa kuyasoma hayo.