Elektronegativiti si chaji hasi

Mara nyingi mno nimesikia, hata kwa watu waliosoma kemia hadi kidato cha sita, kwamba florini ndiyo "elementi iliyo hasi kuliko zote". Huko ni kuchanganya elektronegativiti na chaji hasi. Elektronegativiti ni kipimo cha nguvu ambayo atomi, ikiwa tayari imeungana na nyingine, huvutia upande wake elektroni ambazo zote mbili zinashirikiana. Katika jedwali la elementi kipimo hiki huongezeka kuelekea kulia, kwa sababu protoni za kiini zinaongezeka ilhali elektroni za nje zimebaki katika tabaka lile lile, na hupungua kuelekea chini, ambako elektroni za nje zinakuwa mbali na kiini huku zile za ndani zikizikinga na mvuto wake. Lithiamu ina 0.98, kaboni 2.55 na florini 3.98, sesiamu, kule chini kushoto, ina 0.79 tu.

Kinachopotosha ni neno lenyewe. Wengi hulisoma kana kwamba limeundwa kutokana na "elektroni", ilhali ni kongwe kuliko elektroni. Jöns Jacob Berzelius, mkemia wa Uswidi, alilitumia mwaka 1811, ilhali jina la elektroni lilibuniwa mwaka 1891, naye J. J. Thomson, mwanafizikia wa Uingereza, akaithibitisha chembe hiyo mwaka 1897. Berzelius alikuwa akizipanga elementi kwa jinsi zinavyotengana umeme unapopitishwa katika kampaundi: zile zilizokimbilia ncha chanya alizihesabu kuwa za upande hasi, kwa kuwa vinyume huvutana. Shina "elektro" lilitokana na neno la Kigiriki la kaharabu, ambayo ikisuguliwa huvuta vipande vya majani makavu. Nalo neno letu kaharabu, lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, asili yake ni Kiajemi na maana yake ni "mnyakua majani makavu". Waarabu hadi leo huuita umeme kwa neno hilo hilo. Kwa hiyo wazo la kuvuta limo katika historia ya jina hili tangu mwanzo, na ni hilo tunalolihitaji zaidi kuliko wazo la kuwa hasi.

Linus Pauling, mkemia wa Marekani, alipoweka vipimo vyake vya elektronegativiti mwaka 1932, alivikokotoa kutokana na nishati ya miungano baina ya atomi mbili mbili. Namba zake hazina kizio, na ni za ulinganisho tu. Hapo ndipo elektronegativiti inapoachana na afiniti ya elektroni, ambayo huhusu nishati inayotolewa atomi ya gesi iliyo peke yake inapopokea elektroni moja. Klorini hutoa kilojuli 349 kwa moli, florini 328 tu, kwa kuwa florini ni ndogo na elektroni zake zilizobanana humsukuma mgeni, hata hivyo, katika muungano, florini (3.98) huishinda klorini (3.16).

Basi anayesema oksijeni "ni hasi" hajakosea akiwa anazungumzia maji, ambamo inazivuta elektroni kutoka kwa hidrojeni. Aongeze tu imeungana na nani, kwa sababu oksijeni hiyo hiyo ikiungana na florini, elektroni humwelekea florini, na oksijeni hubaki upande wa chanya.