Programu ya mifumo yote siyo programu ya mashine zote

Naandika hii ili nikiulizwa tena niwe natuma kiungo tu. "Fundi, QGIS, ile programu ya kuchorea ramani, si inakubali Windows, Mac na Linux? Mbona kwangu inagoma?" Wanaouliza wengi ni vijana wanaochora ramani za mashamba ya mikorosho huko Newala na Tandahimba, na mashine zao ni za mtumba. Sina tatizo na mtumba, nami natumia.

Kukubali mifumo mitatu maana yake programu imeandikwa juu ya tabaka linaloelewana na mifumo hiyo. Kwa QGIS tabaka hilo ni Qt. Kuhusu kompyuta yako wewe, hakuna aliyeahidi chochote.

Ya biti, yaani ukubwa wa data ambayo prosesa inaishika kwa mkupuo, tuyamalize haraka. QGIS ya sasa ya Windows ni ya biti 64 tu. Prosesa yako inaweza kuwa ya biti 64 huku Windows uliyowekewa ni ya biti 32, kwa kuwa aliyekuwekea ana flashi moja anayowapakia wateja wote. Ingia kwenye mipangilio usome aina ya mfumo. Ukikuta 32, weka Windows upya, ya biti 64. Mashine bado nzima. Windows ya biti 32 hata uiongezee RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) hadi GB 8, haitatumia zaidi ya 4. Wa Mac, angalieni kama prosesa ni ya Intel au ya Apple, zilizoanza na M1 mwaka 2020. Wa Linux mnajijua.

Sasa linalonichosha: "Lakini fundi, mimi nina GB 500!" Hizo ni za diski, bosi wangu. Ghala linaweza kujaa magunia ya korosho hadi darini, ila turubai la kuanikia likiwa dogo utaanika kidogo, urudishe ndani, utoe nyingine. RAM ndiyo turubai. Ikijaa, kompyuta inaanza kuhamishia mizigo kwenye diski na kuirudisha, na diski ikiwa ya kuzunguka, mshale unaganda, unalaumu programu.

Halafu kuna yale "mahitaji ya chini". Mengi ni ya programu kufunguka na kukuonyesha dirisha tupu. Kazi yako haimo. Chukua picha ya droni yenye pikseli 20,000 kwa 20,000, rangi tatu, baiti moja kwa kila rangi: hiyo ni GB 1.2 ikikunjuliwa, hata kama kwenye diski imebanwa ikaonekana ndogo. QGIS ina akili, haiibebi yote kwa mkupuo, inasoma vipande. Lakini ukivuta nje uione yote bila kuitengenezea piramidi (nakala zake ndogo za kuonyesha haraka), au ukiikata na kuibadilisha mfumo wa majira-nukta (coordinates) huku kivinjari kina vichupo kumi na tano na muziki unapiga, usinipigie simu.

Watu nawaambia GB 8. Ukinibana kwa nini isiwe 6, sina hesabu ya kukuonyesha, ni mazoea ya kazi. Nimeona mashine ya GB 4 yenye SSD (diski isiyozunguka) na Linux nyepesi ikiiacha mbali ya GB 8 yenye diski ya kuzunguka na antivirusi mbili zinazoviziana. Kwa hiyo mwenye hela ya kitu kimoja aanze na SSD? Hapo nasita. Kama kazi yako ni mipaka ya mashamba, mistari na pointi, ndiyo, SSD. Kama ni picha za droni kutwa, nadhani RAM kwanza, na bado kuna siku nimejikuta nashauri kinyume.

Kabla hujapanda bodaboda kuja kwangu Chikongola, Mtwara, nitumie jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM na aina ya diski. Picha ya stika ya i5 haisaidii. i5 ni prosesa za Intel zinazotengenezwa tangu 2009, kuna nzee na mpya.